Askari 24 wa kaniki: seti niliyoinunua Newark kwa ajili ya nchi yangu ya kubuni

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Tanga, Barabara ya Nane, nikajifunza kukata kitambaa kwenye meza ya babu kabla sijajua kusoma saa, na huu ni mwaka wa kumi na moja niko Leicester kwenye kibanda cha kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue jicho langu linaanzia wapi. Wenzangu wa mchezo wa vita vya mezani wakimshika askari wa bati huangalia uso, au bunduki, au jinsi alivyosimama. Mimi huangalia koti. Linafungwa wapi? Mshono wa bega umekaa begani au umeteleza kwenda mkononi? Mikia ya koti imekatwa, au imebandikwa tu nyuma kama shuka?

Seti hii niliinunua kwenye Partizan, maonyesho ya wenye mchezo huu yanayofanyika Newark, Uingereza, kwa mzee anayesubu askari wake mwenyewe katika banda lililo nyuma ya nyumba yake. Anafanya kazi peke yake, ana sufuria moja ya kuyeyushia na kalibu za mpira ambazo huzichonga majira ya baridi. Ameniomba nisimtaje jina, maana maagizo aliyonayo yamekwisha kumzidi, nami nimekubali. Nitaisema bidhaa.

Mfukoni mlikuwa na askari 24 wa aloi ya bati, kimo milimita 28 kutoka unyayo hadi macho, kwa sababu wenye mchezo huu hawahesabu kofia. Ishirini ni askari wa kawaida wanaotembea, bunduki begani. Wanne waliobaki ni sajini, ofisa na wapiga ngoma wawili. Nililipa pauni 48. Amewachonga kama askari wa miguu wa Ufaransa waliokuwa Misri kati ya 1798 na 1801, na wanunuzi wake wengi wanawataka kwa vita vya Misri hivyo hivyo. Mimi nilikuwa natafuta jeshi la nchi ambayo haipo.

Kubuni nchi na kuivisha jeshi ni jambo la zamani katika mchezo huu. Wengi huchagua kijimbo cha Kijerumani kilichobanwa kati ya Saxony na Bavaria, chenye mtawala mdogo na batalioni mbili. Juni 1826, kule Haworth, Yorkshire, mchungaji Patrick Brontë alimletea mwanawe Branwell askari 12 wa mbao kutoka Leeds. Watoto wake wanne wakajenga dola nzima juu ya askari wale, na dola hiyo wakaiweka kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Askari wa bintiye Charlotte akawa Duke wa Wellington, jenerali wa Waingereza, wa Branwell akawa Napoleon Bonaparte. Siku nilipolijua hilo niliacha brashi nikakaa. Watoto wa Yorkshire waliichukua pwani ya Afrika kwa ajili ya nchi yao ya ndoto, wakaijaza Waingereza. Basi na mimi nikaona nina haki ya kuiweka yangu katika Bahari ya Hindi, na kuijaza watu wa huko.

Inaitwa Shungi. Ni kisiwa kilichoko kati ya Ngazija na Ushelisheli, mahali ambapo ramani ina maji matupu, na mwaka ni 1809. Watu wake ni waliotoroka mashamba ya Île de France, ambayo leo ni Morisi. Hapo sikubuni mengi. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Paris ilipofuta utumwa 1794, wajumbe waliofika Île de France 1796 na amri hiyo walifukuzwa kisiwani na walowezi, na 1802 Napoleon akairudishia biashara hiyo sheria yake. Kwa hiyo watu wa Kilwa, wa Msumbiji na wa Bukini, yaani Madagaska, walikuwa na kila sababu ya kuiba jahazi usiku. Katika historia yangu majahazi matatu yalifika salama. Walioshuka na wana wao ndio hawa askari wa miguu, na kazi yao ni moja: asije mtu kuwarudisha.

Nchi ya namna hiyo inavaa nini? Hilo ndilo swali lililonichukua miezi minane, na ndilo lililoifanya seti hii ifae kuliko zote nilizojaribu.

Masanduku mengi ya askari wa zama za Napoleon yanakupa koti la Ulaya lililokamilika. Chukua la Mfaransa wa miguu wa mwanzo wa dola: buluu, vipande viwili vyeupe vilivyopinduliwa kifuani, mbele limekatwa kurudi nyuma ili kizibao kionekane, mikia miwili mirefu yenye mapindo, kola na mapindo ya mikono mekundu. Ni koti zuri sana, na linakula kitambaa vibaya. Linahitaji sufu iliyopigwa ikashikana, ili ukingo uliokatwa usifumuke, linahitaji bitana ya rangi nyingine, na fundi wa kulishona mwenye siku mbili za nafasi. Ukimvisha mtu wa Shungi koti hilo, hata ukilipaka rangi gani, jicho linakataa. Unajiuliza sufu hiyo aliitoa wapi, na katika joto lile nani angeivaa.

Askari wa Misri ni kisa kingine. Bonaparte alishusha jeshi karibu na Alexandria tarehe 1 Julai 1798, watu wamevaa sufu, akawaongoza kwenda Cairo katikati ya kiangazi. Tarehe 1 Agosti Nelson, amiri wa Waingereza, akaziteketeza na kuziteka karibu merikebu zote za kivita zilizowaleta, pale Abukir. Kuanzia hapo jeshi lile lilitengwa na maghala ya kwao, na nguo za kwanza ziliishia miilini mwa watu. Ikabidi washonewe kwa kitambaa kilichopatikana Misri: vikoti vifupi vya pamba ya buluu, vinavyofungwa moja kwa moja mbele, bila yale mapindo mapana ya kifuani. Bonaparte alipoondoka na kumwachia jeshi Jenerali Kléber, huyo akatoa amri mwezi Oktoba 1799 kila kikosi kivae rangi yake, kwa kuwa buluu ya kuwatosha wote haikuwepo. Jeshi la Ufaransa likawa na watu wa kijani, wa kahawia, wa zambarau na wa nyekundu. Kichwani, badala ya kofia pana ya pembe, walivaa kofia ya ngozi yenye kishada cha sufu juu.

Kile kishada ndicho kilichonipa jina la kisiwa. Nilimwona askari wa kwanza mezani kwa mzee, nikasema kwa sauti, "Ana shungi huyu." Mwanangu, ambaye ana miaka 14 na ndiye aliyeniingiza katika mchezo huu, akaliandika kwenye daftari lake la sheria palepale.

Sasa niwaeleze mkato, kwa sababu hapa ndipo mzee alipowashinda wenye viwanda. Nimehesabu kwa kioo cha kukuzia: vifungo tisa kutoka kola hadi kiunoni, vimeshuka kwa nafasi sawa. Mkono wa koti umeingia kwapani mahali unapotakiwa kuingia. Kwa hiyo askari anapobeba bunduki begani, koti linavutika upande ule mmoja tu, na mzee amechonga mikunjo mitatu midogo inayotoka kwapani kwenda kifuani. Hiyo ni mikunjo ya pamba. Sufu nzito hukunjika kwa mawimbi mapana, pamba huvunjika kwa ncha kali, kama karatasi. Nina seti nyingine nyumbani, ya plastiki, iliyoandikwa kuwa ni askari wa nchi za joto, na vikoti vyao vimekunjika kama blanketi la hospitali. Aliyechonga wale hakuwahi kushika nguo ya pamba iliyolowa jasho. Huyu mzee nilimuuliza. Akaniambia, "Mama, nilivaa shati la kazi la pamba kuukuu, nikabeba fagio begani, mke wangu akanipiga picha."

Mikia ya nyuma imefupishwa mpaka chini kidogo ya makalio na ina mpasuo halisi, si mstari uliokwaruzwa. Suruali ni pana, zinashuka hadi kifundoni. Wawili kati yao wamezikunja juu ya kifundo, jambo ambalo sikulitarajia na nimelipenda mno, kwa sababu watu wanaoishi kando ya bahari hukunja suruali. Shanta zimekaa chini kuliko kawaida, kama mzigo uliobebwa tangu alfajiri. Na kola imesimama lakini haikabi. Kwenye askari wengi wa kiwandani kola hufika mpaka masikioni, kiasi kwamba huwezi kumpaka shingo.

Rangi ndiyo niliyoisumbukia kuliko yote. Koti likiwa la nchi ya kweli, rangi yake imewekwa na mtu aliyekuwa na hesabu mkononi. Waaustria walivaa nyeupe kwa sababu sufu isiyotiwa rangi ni nafuu. Askari wa kawaida wa Uingereza alivaa nyekundu iliyopikwa kwa mizizi ya madder, na ofisa wake akavaa nyekundu kali iliyotoka kwa wadudu wa cochineal, na tofauti hiyo ilionekana kwa macho. Wafaransa buluu yao ilitegemea nili iliyotoka ng'ambo, na Waingereza walipozuia bahari nili ikawa taabu, mpaka mwaka 1806 wakaanza kuzivisha baadhi ya rejimenti makoti meupe. Mpango ukaachwa muda si mrefu.

Lakini upande wetu wa bahari nili haikuwa taabu. Nguo za nili za Gujarati na Kachi zilikuwa zinakuja mwambao na majahazi ya kaskazi. Kaniki naijua kwa mkono. Bibi alikuwa na yake, iliyozamishwa nili mpaka ikakaribia weusi, na ilipochuja mabegani na kwenye magoti ilitoa buluu ya kijivu ambayo sijaiona katika kitambaa kingine. Kwa hiyo jeshi la Shungi linavaa kaniki. Ndiyo nguo ya bei ya chini inayoshuka bandarini, na haioneshi uchafu. Na likivaliwa mwaka mzima juani, kila koti litakuwa limechuja kivyake, hata kama yote yalikatwa siku moja.

Nilijaribu michanganyiko sita kabla ya kuipata. Kwa anayetaka kuiga: anza na rangi ya msingi nyeusi. Juu yake weka buluu nzito kabisa uliyonayo, changanya na nyeusi sehemu moja kwa tatu. Ukitaka kuipa mwanga usiongeze nyeupe, itageuka buluu ya yunifomu ya shule. Ongeza kijivu chenye ukijani kidogo, uweke kwenye bega, kiwiko, goti na ukingo wa mkia tu. Mwisho pitisha wino wa zambarau uliozimuliwa sana kwenye mikunjo. Kaniki mpya ina mng'ao wa zambarau ukiigeuza juani, na bila huo wino utakuwa umepaka koti la polisi.

Mapindo nilijifunza kwa Waprussia, Wajerumani wa kaskazini. Baada ya 1808 walikuwa na utaratibu ambao fundi yeyote ataupenda: kola na mapindo ya mikono yanaeleza mkoa, utepe wa begani unaeleza rejimenti ni ya ngapi katika mkoa ule. Pomerania nyeupe, Silesia manjano, Prussia ya Mashariki nyekundu ya tofali. Begani nyeupe ni ya kwanza, nyekundu ya pili, manjano ya tatu, buluu ya maji ya nne. Koti ni moja kwa wote, buluu iliyokolea, unabadilisha vipande vidogo tu. Fundi mkuu akikata makoti elfu kwa kipimo kimoja, kola zinaweza kushonwa baadaye na mtu mwingine. Ni hesabu ya nchi maskini iliyoshindwa vita juzi, na kwa hiyo inaifaa Shungi.

Kisiwa changu kina vijiji vitatu. Bandarini wana kola ya bafta nyeupe. Mlimani wana kola ya manjano iliyopikwa kwa bizari, na kwa kuwa bizari huchuja haraka juani, ya kila mtu ina manjano yake. Mikokoni, ambao ndio hawa 24, wana kola na mapindo ya mikono ya rangi ya mkandaa, ule wekundu wa kahawia unaotoka kwenye magome. Mikanda ya ngozi, ambayo kwa Mfaransa ingepakwa chokaa iwe nyeupe, kwao ni ngozi iliyotiwa dawa ya mkandaa huohuo. Vifungo ni vya mfupa wa ng'ombe, kwa kuwa kisiwani hakuna wa kupiga shaba. Vifungo tisa kwa askari 24 ni vifungo 216, na kila kimoja nimekigusa kwa ncha ya brashi.

Mwanangu aliniuliza, "Mama, kwa nini watu waliotoroka Wafaransa wavae mkato wa Kifaransa?" Nilimjibu kwa habari ya babu. Babu alikuwa akikishonea chama cha beni, zamani za Waingereza. Beni ilikuwa imeenea mwambao mzima: kwingine walikuwa na Kingi na Skochi, kwingine Marini na Arinoti, kila chama na mfalme wake, majenerali wake, bendi na gwaride. Babu alichukua drili ya kawaida ya dukani, akaishona koti la jenerali lenye utepe kutoka kiganjani hadi kiwikoni, na aliyelivaa mchana wake alikuwa mchukuzi bandarini. Wanaosema beni ilikuwa kuwaiga wazungu hawakukaa karibu na meza ya kukatia. Babu alikuwa anajua hasa anachokichukua na anachokiacha. Utepe aliuchukua. Kola ya kukaba aliiacha, kwa sababu mtu anayecheza ngoma usiku kucha anahitaji shingo. Mimi nimefanya hivyo hivyo na Shungi, na mwanangu alinielewa kabla sijamaliza.

Sasa nyuso, na hapa nataka nisikilizwe vizuri. Askari hawa wamechongwa nyuso za Kifaransa: pua nyembamba, masharubu kwa wengi wao. Ukipaka ngozi nyeusi juu ya uso ule hupati mtu wa Kilwa, unapata Mfaransa aliyepakwa masizi, na hilo sikubali litoke mkononi mwangu. Nilimweleza mzee. Hakubishana. Akasema ana vichwa vya ziada alivyovichonga kwa ajili ya nusu-brigedi ya 21 ya askari wepesi, ambayo iliingiza Waafrika wakati ikiwa Misri. Hayo ni ya kweli: mwaka 1799 Bonaparte alimwandikia Sultani wa Darfur akitaka watumwa weusi 2,000, wanaume wa zaidi ya miaka 16, awatie jeshini. Na baadaye, mwaka 1803, Ufaransa iliunda kikosi cha Pionniers noirs, yaani mapainia weusi, chini ya Mwafrika wa Karibiani aliyeitwa Hercule. Watu weusi walikuwa ndani ya makoti yale, hata kama masanduku ya madukani hayawaoneshi.

Vichwa 16 alinipa kwa pauni 6, vya namna nne, vyote na kofia ya shungi. Ni kazi bora kuliko chochote kilichomo katika seti. Mmoja ana alama za chale kwenye paji la uso, ndogo kiasi kwamba nilizigundua baada ya rangi ya msingi. Mwingine ni mtu mzima, mashavu yamebonyea, nimemfanya sajini na kumwita mtu wa Darfur, ndiye aliyewafundisha gwaride. Ushauri wangu ni kwamba muagize vichwa hivi pamoja na seti tangu mwanzo, na mwombe mzee avipe namba kwenye orodha yake, kwa sababu kwa sasa vimo kwenye kopo chini ya meza na asiyeuliza haambiwi. Nilimwambia jambo hilo kwa nguvu kidogo. Kitu kizuri namna hii hakifai kukaa chini ya meza.

Kuwabadilisha vichwa si kazi ngumu ila inataka subira. Shingo zina unene wa milimita 3 hivi. Kata kwa msumeno mwembamba chini ya kidevu, si kwa koleo, koleo huponda kola. Toboa kwa kekee ya mkono milimita 1, weka kipande cha waya, gundi, mwache alale usiku mzima. Niliharibu kola moja katika 16.

Kasoro zipo. Singe ni nyembamba kuliko bati inavyoweza kuvumilia: tano zilikuwa zimepinda mfukoni, moja ilikatika nilipoinyoosha. Nilimwandikia mzee, akanitumia askari mzima mwingine kwa posta, akafika siku ya sita, bila malipo. Hata hivyo fundi angezichonga nene kidogo, hakuna ambaye angelalamika. Mstari wa kalibu unapita katikati ya shavu la kushoto la askari wa mkao wa tatu, na pale tupa haiingii bila kula sikio. Hao ndio wa kwanza kubadilishwa vichwa. Mikao yenyewe ni minne tu kwa watu ishirini. Kwa gwaride inatosha. Wapiga ngoma wawili ni mtu mmoja aliyerudiwa, mikono ileile, na kwa pauni 48 nilitarajia wa pili awe walau ameinua vijiti.

Ofisa amenisikitisha zaidi. Askari wake wote wameshonewa upya Misri, yeye kaachiwa koti la sufu la Ulaya, mapindo ya kifuani, mikia hadi magotini na buti za mpanda farasi. Najua maofisa walishikilia nguo zao kwa muda mrefu, kwa hiyo si kosa la historia. Lakini kwa nchi ya kubuni hafai. Nilikaa naye jioni mbili na tupa: nikasawazisha kifua, nikakata mikia, nikajenga safu ya vifungo kwa vijitone vya gundi ngumu. Sasa ana kikoti cha kaniki kama wenzake na tofauti yake ni utepe wa dhahabu kwenye mapindo ya mikono, ule wa babu, mistari mitatu. Asiyetaka taabu hiyo amwache ofisa kando, ampandishe cheo sajini mmoja.

Bei ni ya haki. Plastiki ya kiwandani utapata askari wengi zaidi kwa fedha hizo, na kama unataka batalioni kumi kwa haraka, nunua plastiki, hutajuta. Seti hii ni ya mtu anayetaka watu wachache na anayekubali kukaa saa tatu na kila mmoja. Haimfai mtoto mdogo, bati ina ncha na vipande ni vidogo. Haimfai pia anayetaka jimbo lake la Kijerumani la kubuni, kwa sababu hata ukitoa kile kishada, mtu huyu amevaa kwa ajili ya jua.

Jumapili iliyopita waliingia mezani mara ya kwanza, kwenye ufuo wa mchanga niliougandisha juu ya mbao, dhidi ya mashua mbili za wanamaji wa Port Louis, bandari ya Île de France. Mchezo ulichukua saa nne. Mikokoni walirudi nyuma mara mbili hadi kwenye mikoko yenyewe, wakapoteza watu saba, na ufuo wakabaki nao. Nimekwisha kuagiza seti ya pili, ya watu wa Mlimani, na kwenye karatasi ya agizo nimeandika kwa herufi kubwa: vichwa vile, vyote 24, na mpiga ngoma mmoja tu.